Chupa ya Chai Haina Hatia

Ukitaka kujua mwanamke ana uvumilivu kiasi gani, msingizie jambo asilolifanya, halafu rudia kila asubuhi, uone ni siku gani ataanza kurusha vikombe. Mama Cherehani, mshonaji wa nguo, hakurusha kikombe hata kimoja. Vikombe vilikuwa vyake, alivichagua mwenyewe dukani, na kichwa cha mumewe kilikuwa kigumu kiasi kwamba kikombe ndicho kingeumia.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa chupa ya chai. Kila asubuhi alimpikia mumewe chai ya rangi yenye tangawizi ya kuwasha koo, akaimimina kwenye chupa kubwa yenye maua mekundu ubavuni, akakaza mfuniko mpaka kiganja kikamuuma. Na kila asubuhi mumewe aliipokea chupa hiyo, akaipindua kichwa chini mbele ya macho yake, akaitikisa juu ya kiganja chake.

"Unafanya nini?" aliuliza mke, ingawa alijua.

"Naangalia tu. Jana ilimwaga tena."

"Haimwagi."

"Kitambaa kimelowa chapachapa, mke wangu. Na rangi ni ya chai. Sasa tuseme mvua inanyesha ndani ya lori?"

Mwanamke angejibu nini? Amekaza mfuniko kwa mkono wake, anajua ameukaza, na bado kila jioni kitambaa anachowekea chupa kinarudi nyumbani kimelowa na kupata rangi ya kahawia. Wamenunua mfuniko mpya. Wamebadilisha chupa nzima, hii ya maua ndiyo mpya. Kitambaa kinaendelea kulowa. Mumewe hakufoka, maana hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa na ule upole wa kuudhi, wa mtu aliyekwisha kukuhukumu na sasa anakuhurumia.

Mume huyo watu walimwita Polepole. Alikuwa dereva wa lori la mizigo midogomidogo, mchanga leo, tofali kesho, keshokutwa vyombo vya watu wanaohama nyumba, na katika maisha yake yote barabarani hakuna aliyekumbuka kumwona akikipita kitu chenye magurudumu. Waendesha baiskeli walimpigia kengele awapishe. Yeye alicheka tu na kusema haraka haraka haina baraka, na kweli, kabati la mtu halijawahi kuvunjika kioo mikononi mwake.

Lori lenyewe lilikuwa na jina. Lilikuwa limeandikwa juu ya kioo cha mbele kwa rangi ya bluu: MAMA MKWE. Polepole alilipatia jina hilo kabla hajaoa, kwa sababu, alisema, linapandwa na joto upesi, halijibiwi, na lazima lihudumiwe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama mkwe wa kweli alipoliona mara ya kwanza alilisoma jina, akalizunguka lori zima taratibu, akasema, "Afadhali mwandiko ni mzuri." Tangu siku hiyo familia ilimtaja Mama Mkwe wa chuma kama mtu, na ilibidi useme ni yupi unayemuulizia hali.

Kwa muda sasa hali ya huyu wa chuma ilikuwa mbaya. Alikuwa anakunywa maji. Polepole aliondoka asubuhi rejeta ikiwa imejaa mpaka shingoni, na kabla jua halijafika utosini mshale wa joto ulikuwa umeshapanda kwenye wekundu, mvuke unafuka, naye anaegesha pembeni, anangoja injini ipoe, anafungua mfuniko kwa kitambaa na kumimina dumu zima. Baadaye dumu la pili. Madumu yalijaa nyuma ya kiti mpaka watu wakamuuliza kama ameanza biashara ya kuuza maji.

Ajabu ni kwamba chini ya lori palikuwa pakavu. Kaka yake Mama Cherehani, ambaye ndiye fundi wao wa magari na mtaa mzima ulimwita Spana, alitandika maboksi chini ya injini lori likalala juu yake, na asubuhi maboksi yalikuwa makavu. Alikagua mipira, pampu ya maji, rejeta yenyewe mbele na nyuma. Alibadilisha mfuniko wa rejeta. Kisha akaleta mtambo wake wa kienyeji aliojivunia kuliko watoto wake: mfuniko wa zamani wa rejeta alioutoboa akapachika njia ya upepo ya tairi la baiskeli na saa ndogo ya kupimia nguvu ya upepo. Unaufunga kwenye rejeta, unasukuma upepo kwa pampu ya baiskeli, maji yanabanwa, na penye tundu yanatoka. Alipampu. Mshale wa saa ulipanda, halafu ukaanza kushuka taratibu. Upepo ulikuwa unatoroka mahali. Aliingia uvunguni na tochi, akatoka na vumbi mgongoni, hajaona tone.

"Shemeji," alimwambia Polepole, na alimwita hivyo kwa sauti ya kilio, "maji yanayopotea bila kutoka nje, yanaliwa ndani. Hiyo ni gasketi ya hedi, kizibo kinachobanwa kati ya injini na kichwa chake. Jumamosi lete nifungue injini."

Neno hilo liliingia nyumbani kwao kama mgeni mwenye sanduku kubwa. Kufungua injini ya Mama Mkwe, kwa umri wake, ni kama kufungua kabati la bibi kizee: ukigusa kimoja, kumi vinaanguka. Wote watatu walijua kwamba hedi ikishafunguliwa hawatamudu kuifunga tena, na lori litaenda kwa watu wa chuma chakavu. Na Polepole alikuwa ameshaambiwa pa kwenda baada ya hapo. Kampuni moja ya matrela ya safari ndefu ilimhitaji, ilipenda sifa yake ya kutovunja kitu, na ilitaka jibu kabla ya Jumatatu. Matrela hayo yakiondoka hurudi mwezi ukiwa umeandama na kuzama.

"Ni kazi nzuri," alisema Polepole mezani, akimtazama mkewe kwa pembe ya jicho. "Nitakuwa nakuja."

Hilo neno "nakuja" ndilo lililomuuma Mama Cherehani. Baba yake alikuwa dereva wa safari ndefu. Alikuwa baba mwema, akileta zawadi na vicheko, lakini alikuja nyumbani kama mgeni; aliuliza chumvi inakaa wapi, na mbwa wao wenyewe alimbwekea mpaka mama akatoka kumtambulisha. Mama Cherehani alipoolewa alitaka jambo moja tu duniani, mume anayerudi jioni. Alimpata. Mwendo wake wa konokono haukumkera hata siku moja, kwa sababu konokono huyo kila jioni alifika mlangoni. Sasa ilikuwa Ijumaa, na kesho kaka yake mwenyewe angekamata spana na kummaliza mumewe, yaani kumfanya awe mtu wa "nitakuwa nakuja."

Alichukua kile kitambaa kilicholowa akaenda kukifua kwa hasira.

Kilikuwa kipande cha shuka jeupe alichokikata mwenyewe, akakipinda pembeni kwa cherehani, ili chupa isicheze kwenye sakafu ya lori. Alikipaka sabuni, akakifikicha, akakisuuza. Doa lilibaki. Alikifikicha tena kwa nguvu zote alizokuwa amemwekea mumewe. Doa lilimtazama vilevile, la kahawia, lenye ukingo wa rangi ya chungwa.

Hapo mikono yake ikasita ndani ya beseni. Mtu aliyeshona nguo za watu tangu ujana anajua madoa kama mwalimu anavyojua watoto wasumbufu, kwa jina na kwa tabia. Chai ya rangi ni doa lenye kelele lakini halina ubishi. Ukiliwahi na sabuni, ukalianika juani, linaondoka. Hili lilikuwa limeng'ang'ania. Alikipeleka kitambaa puani. Hakikunuka chai wala tangawizi. Kilinuka kama bomba la zamani.

Alikwenda jikoni akakata ndimu, akanyunyiza chumvi juu ya doa, akakamulia ndimu, akangoja. Ndivyo alivyofanya kwa nguo zilizoshikwa na pini zenye kutu. Taratibu, mbele ya macho yake, doa lilianza kufifia, likawa njano, likawa kivuli, likaisha.

"Kutu!" alisema peke yake jikoni. "Kutu, haki ya Mungu!"

Aliivuta ile chupa ya maua, akaijaza maji, akakaza mfuniko, akailaza kifudifudi juu ya gazeti, akaketi mbele yake na kuitazama mpaka chakula kikaungua kidogo. Gazeti lilibaki kavu. Tena chupa hiyo ndani ni kioo, nje ni plastiki. Kutu itatoka wapi?

Usiku alipomweleza mumewe, Polepole alisikiliza, akatikisa kichwa kwa ule upole wake. "Labda sakafu ya lori ndiyo yenye kutu," alisema. "Chai ikimwagika, inaichukua." Ukweli ni kwamba jibu hilo lilikuwa na akili, na hilo ndilo lilimkera zaidi. Alizima taa.

Asubuhi ya Jumamosi Polepole aliondoka mapema na lori, akisimama njiani kulinywesha. Hakuchukua chai. Mama Cherehani alifunga mlango wa chumba cha kushonea, akatia kwenye kikapu chupa iliyojaa, vikombe, na mabaki ya kitambaa cheupe cha mashati ya shule, akaenda gereji kwa miguu, akitembea haraka kuliko mumewe anavyoendesha.

Gereji ya kaka yake ilikuwa uwanja wenye ukuta upande mmoja, paa la mabati upande wa pili, matairi yaliyopangwa kama viti, na redio iliyofungwa kwa waya kwenye nguzo. Mama Mkwe alikuwa amesimama katikati, mdomo wazi. Spana alikuwa bado hajagusa kitu. Alikuwa anapanga vyombo vyake juu ya gunia, mfululizo, kubwa hadi ndogo, na huo upangaji wake ulikuwa na ukimya wa msibani. Polepole alikaa juu ya tairi. Alikuwa amenyoa ndevu, na mkewe alielewa mara moja kwamba amenyoa kwa ajili ya ile kampuni.

"Kaka, weka spana chini," alisema kabla hata ya salamu.

"Karibu, mdogo wangu. Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kukuzuia. Gasketi haina kosa. Na chupa yangu haina kosa pia."

Spana alimtazama shemeji yake, shemeji akatazama matairi. "Chupa gani?"

Ikabidi aelezwe, kwa sababu yeye hakuwa na habari yoyote. Mama Cherehani alieleza habari ya kitambaa, ya sabuni, ya ndimu na chumvi. Spana alisikiliza akikuna kidevu kwa ncha ya spana, na katikati ya maelezo akaanza kucheka.

"Mdogo wangu, mimi naja kwako kukufundisha kushona?"

"Ungekuja ungejua suruali yako hiyo mguu mmoja umepinda. Nijibu. Maji ya rejeta ya lori hili yana rangi gani?"

Kicheko kikapungua. Spana alienda kwenye rejeta, akafungua mfuniko, akachovya kidole, akakitazama juani. Akakitazama tena. Kidole kilikuwa na rangi ya chai ya rangi isiyokolea.

"Kutu," alisema.

"Basi leta lile pampu lako la baiskeli."

"Nilishapampu. Nimeangalia chini, nimeangalia pembeni."

"Ulifungua mlango ukaangalia ndani, miguuni kwa abiria?"

Fundi aliweka spana chini. Alienda kuchukua mtambo wake.

Polepole aliinuka kwenye tairi na kusogea, mikono nyuma, kama mtu anayepita tu. Waliongeza maji mpaka yakajaa. Spana akaufunga mfuniko wenye njia ya upepo. Mama Cherehani alifungua mlango wa upande wa abiria, akaondoa zulia la mpira, akatandaza kile kitambaa cheupe cha mashati sakafuni, chini ya dashibodi, pale pale ambapo chupa ya chai hukaa. Alikilainisha kwa kiganja kama anayeandaa kukata nguo ya harusi. Halafu akarudi nyuma.

"Pampu," alisema.

Spana alipampu. Pampu ya baiskeli ilipiga kelele yake ya kikohozi. Mshale wa saa ulipanda, ukasimama, halafu ukaanza kushuka, na wote watatu waliinamisha vichwa mlangoni, mashavu yakikaribiana, wakikitazama kipande cha kitambaa kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Redio iliimba. Hakuna kilichotokea. Mama Cherehani alihisi moyo wake unashuka pamoja na ule mshale, akawaza: basi ataondoka kweli, na mimi nitakuwa nimejidhalilisha hapa kwa ajili ya chupa.

Kisha kitu kikang'aa chini ya dashibodi, kikanenepa, kikaanguka. Tone. Katikati ya weupe wa mashati ya shule palitokea duara la kahawia, dogo kama kifungo. Likafuata jingine kando yake. Likafuata jingine.

Polepole alinyoosha mkono, akaligusa tone kwa kidole, akakinusa kidole hicho kwa muda mrefu, macho amefumba.

"Haina tangawizi," alisema kwa sauti ndogo.

Spana alikuwa ameshalala chali sakafuni mwa lori, miguu nje, tochi mdomoni. Alipotoka uso wake ulikuwa na furaha ya mtoto. "Hita!" alisema. "Hita, jamani! Lori hili lilitengenezwa kwa ajili ya watu wa baridi. Kuna rejeta ndogo imejificha nyuma ya dashibodi, maji ya moto ya injini yanapita humo ili dereva apate joto la miguu. Nani hapa amewahi kutafuta joto la miguu? Mimi nilishasahau kama ipo. Imeoza. Injini ikiwa ya moto maji yanabanwa, yanatokea humo, na mengi yanadondoka njiani kupitia matundu ya sakafu. Ikilala na kupoa, yanakauka. Ndiyo maana maboksi yangu yalikuwa makavu." Alijipiga kwenye paji la uso, akabakiza alama ya grisi. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nafungua injini nzima, kumbe mwizi amekaa kiti cha abiria."

Halafu akamgeukia shemeji yake, na furaha ikapata makali. "Na wewe! Sakafu inalowa kila siku, huniambii?"

"Nilijua ni chai," alisema Polepole. "Sasa nani anampelekea fundi habari za chai ya mkewe? Tena wewe kaka yake?"

Kulikuwa na ukweli mkubwa katika hilo. Mume mstaarabu hampeleki mkewe kwa shemeji kwa kosa la mfuniko. Kwa ustaarabu huo lori lilikaribia kuuzwa kwa kilo.

"Na maji gani umekuwa ukimpa?" Spana aliendelea. "Ile dawa ya rejeta ya kijani, ya kuzuia kutu, ulimtilia lini mara ya mwisho?"

"Inapotea, nitaendelea kuimwaga? Nikaweka ya bomba. Maji ni maji."

"Chai nayo ni maji. Mbona huogei?"

Mama Cherehani alicheka mpaka akashika mlango. Kicheko hicho kilikuwa kimekaa kifuani tangu chupa ya kwanza iliposhutumiwa, na kilipotoka kilitoka na machozi kidogo, ambayo aliyafuta kwa ukingo wa kanga haraka kabla hayajaulizwa.

Kazi iliyofuata ilikuwa ndogo kuliko aibu iliyoisababisha. Rejeta ndogo ya hita Spana hakuitengeneza, aliiachisha kazi. Alimwaga maji yote. Kwenye injini ilitoka mipira miwili myembamba, mmoja wa kupeleka maji kwenye hita na mwingine wa kuyarudisha. Aliichomoa yote miwili kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na chumba cha dereva, akakata kipande cha bomba la chuma, akaiunganisha mipira uso kwa uso juu ya bomba hilo, akaikaza kwa vibano. Maji yakabaki na njia yake ya nje, na ndani ya lori hayana tena ruhusa ya kuingia. Kisha akalisuuza lori tumbo. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili kama chai, ya tatu kama chai ya mtu bahili, mpaka yakatoka meupe. Polepole ndiye aliyebeba madumu, bila kuombwa, huku na huku, na kwa mara ya kwanza mtaa ulimwona akikimbia.

Walitia dawa ya kijani iliyochanganywa na maji safi, wakawasha injini mfuniko ukiwa wazi ili upepo uliofungiwa ndani utoke. Mapovu yalipanda, yakapasuka, kina kikashuka, Spana akaongeza, mapovu yakapanda tena. Alishika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja, akangoja kama daktari, mpaka ukapata joto ghafla. "Yanazunguka," alisema, akafunga mfuniko. Akarudisha pampu ya baiskeli kwa mara ya mwisho. Mshale wa saa ulipanda ukakaa hapo, kama aliyealikwa chakula.

"Sasa tukamjaribu kilimani," alisema Spana. "Na mzigo."

Walipakia mchanga, wakapanda wote watatu, mwanamke katikati, chupa ya maua mapajani. Kilima cha kwenda kwenye machimbo ya kokoto kilikuwa ndicho kilichokuwa kikimuumbua Mama Mkwe. Nusu yake ilikuwa na alama nyeusi za maji aliyotapika siku zilizopita. Polepole aliweka gia ndogo na kupanda kwa mwendo wake. Hakuna aliyeitazama barabara isipokuwa yeye, wengine macho yalikuwa kwenye mshale wa joto. Ulifika katikati. Walipita alama za kwanza nyeusi. Ulibaki katikati. Walipita alama za mwisho, palipokuwa na jiwe ambalo Polepole alizoea kukingia tairi. Bado katikati. Lori lilinguruma, mchanga ukanong'ona nyuma, na kaka mtu akaanza kuimba bila kujua maneno.

Juu kabisa Polepole aliegesha, akaacha injini ikiunguruma, akatoa simu. Mkewe aliona jina la ile kampuni kwenye kioo cha simu, akaishika chupa kwa mikono yote miwili.

"Ndiyo, mkuu," alisema Polepole kwenye simu. "Nashukuru sana kwa nafasi. Lakini sitaweza. Mama mkwe alikuwa anaumwa." Alisikiliza. "Hapana, amepona, tunamshukuru Mungu. Ndiyo maana siwezi kumwacha." Alisikiliza tena, uso umekazwa asicheke. "Amina, mkuu. Nitamfikishia pole zako."

Spana alikuwa ameshaangukia mlango kwa kicheko. Mama Cherehani hakucheka. Alifungua mfuniko wa chupa, akamimina chai akimtazama mumewe badala ya kikombe, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze, chai ilimwagika kweli, kwenye goti la mumewe.

"Sasa ndiyo imemwaga," alisema Polepole.

"Hiyo nakubali," alisema mkewe.

Akanywa. Halafu, mbele ya shemeji yake, ambaye mbele yake mwanaume hupenda kulinda heshima yake, aliishika ile chupa kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. "Chupa, nisamehe. Nilikuhukumu bila shahidi."

"Chupa imesamehe," alisema mkewe, akitazama kilima walichokipanda. "Mwenye chupa anafikiria."

Alifikiria Jumapili nzima, na aliifaidi sana Jumapili hiyo. Mumewe alifagia uani, akapaka oili kwenye cherehani, akasifia chakula ambacho hakikuwa na chochote cha kusifiwa.

Jumatatu asubuhi alichemsha chai, akaponda tangawizi, akajaza chupa, akakaza mfuniko. Polepole alisimama mlangoni, funguo mkononi, nje Mama Mkwe ameshawaka na anangoja kwa heshima. Alinyoosha mkono kupokea. Mke aliiachia chupa, akamtazama, maana mikono ina mazoea yake, na alikwisha kuona ule mkono ukianza kugeuka.

Mkono ukasita. Polepole akaitia chupa kwapani wima kama ilivyokuwa, akamwangalia mkewe.

"Utarudi saa ngapi?" alimuuliza, kama hajui.

"Jioni," alisema Polepole.

Jioni kitambaa kilirudi kikavu, naye alirudi nacho.